Kufua Chuma, Kufua Umeme

Tarehe 1 Novemba 2011, gari dogo la kijani lilitembea katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Lilikuwa na viti viwili, halikutoa moshi, na sauti yake haikuzidi sana ile ya matairi yanayokanyaga lami. Liliitwa Kiira EV. Chaji moja ya betri ilikadiriwa kulipeleka kilomita 80 hivi. Tarehe 24 mwezi huohuo Rais Yoweri Museveni alilizindua rasmi, na magazeti ya Afrika Mashariki yakaandika kwamba Waganda wametengeneza gari.

Meneja wa mradi ule alikuwa mhadhiri wa uhandisi wa umeme aitwaye Paul Isaac Musasizi. Juu yake kitaaluma alikuwapo Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, na chini yake kundi la wahandisi vijana, wengine wakiwa bado wanafunzi. Miaka michache baadaye mradi uligeuka kuwa kampuni, Kiira Motors Corporation, na Musasizi akawa Mkurugenzi Mtendaji wake. Aliyekuwa akihangaika na michoro, mota na nyaya akajikuta anahangaika na hisa, bajeti, ardhi na wabia.

Mimi nasoma historia, ngazi ya uzamili, na nyumbani ni Sumbawanga. Huenda mtu akauliza Mfipa anatafuta nini kwenye habari za kiwanda cha Jinja. Jibu langu ni kwamba swali ambalo maisha ya Musasizi yanaliuliza ni swali la zamani sana huku kwetu: mtu anayejua kutengeneza kitu anaweza pia kukalia kiti cha kukiongoza? Na asipokikalia yeye, anakikalia nani, na ujuzi wake unakwenda wapi?

Kiswahili chenyewe kinanisaidia kuanza. Tunasema kufua chuma. Tunasema pia kufua umeme. Kitenzi kimoja kimebeba kazi ya mhunzi anayegonga chuma kilichoiva motoni, na kazi ya mtambo unaozungushwa na maji pale Kidatu, Mtera au Jinja. Jina la gari la Makerere linatukumbusha kituo cha kufua umeme cha Kiira, pale Mto Naili unapotoka Ziwa Victoria. Lugha imeona ukoo kati ya kazi hizi mbili. Kazi yangu ni kuufuata ukoo huo kwa miguu, kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi Jinja na kurudi.

* * *

Ukitoka Sumbawanga mjini kuelekea Namanyere na kuingia vijiji vya Nkasi, bado unaweza kuona matanuru ya udongo yamesimama porini au pembeni mwa mashamba. Kwa Kifipa tanuru moja huitwa ilungu. Yakiwa mengi ni malungu. Mengine yamebomoka upande mmoja, mengine yameotwa na miti ndani. Yaliyo mazima yanafika kimo cha mita tatu, yaani karibu mara mbili ya urefu wa mtu. Chini yamezungukwa na matundu, na kando yake kuna lundo la mavi ya chuma, mazito, meusi, yanayong'aa kama kioo kilichoungua.

Kinachomshangaza mtu anayefahamu uhunzi wa kawaida ni kwamba ilungu halikuwa na mvukuto. Hapakuwa na vijana wa kusukuma hewa usiku kucha. Urefu wa tanuru ndio uliofanya kazi hiyo: hewa ya moto ilipanda juu na kutoka, na nafasi yake ikajazwa na hewa mpya iliyovutwa kupitia matundu ya chini na mirija ya udongo iliyopachikwa humo. Ni kanuni ileile ya bomba refu la moshi la kiwandani. Mafundi walipaswa kujua udongo gani unavumilia moto, mara nyingi ule wa kichuguu, mti gani unatoa mkaa mzuri, mawe gani yana chuma cha kutosha, na mirija ikae vipi ili moto usizimike katikati ya kazi. Mtu anayejua mambo haya yote ni mbunifu kwa maana kamili ya neno. Mchoro wake haukuwa kwenye karatasi tu.

Chuma kilichotoka kwenye ilungu kilikuwa bado kimechanganyika na uchafu. Kilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambako sasa mivukuto ilitumika ili kukisafisha. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipokifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Kazi nzima ilikuwa na hatua tatu, na kila hatua ilihitaji watu wake.

Juu ya watu hao alikuwapo fundi mkuu wa tanuru. Yeye ndiye aliyechagua mahali pa kujenga, aliyeongoza ujenzi, na aliyetunza intangala, kikapu cha dawa ambazo bila hizo tanuru halikuwashwa. Tanuru lilitendewa kama bibi harusi. Wanaume waliokuwa kazini walitakiwa kujitenga na wake zao mpaka chuma kitoke. Mtafiti kutoka Norway, Randi Barndon, ameandika kwa kirefu juu ya lugha hii ya ndoa na uzazi, na Profesa Bertram Mapunda wa Tanzania aliifanya Nkasi kuwa uwanja wa utafiti wake wa uzamivu, ambao aliukamilisha mwaka 1995. Mapunda anatuonesha kwamba malungu hayakuwa mbinu pekee. Kulikuwa na matanuru mengine mafupi ya katukutu, na mbinu nyingine iliyohusishwa na Wabarongo. Maana yake ni kwamba uwanda huu haukuwa na jadi moja isiyobadilika. Ulikuwa na mashindano ya mbinu, watu waliojaribu, waliokosea na waliorekebisha.

Kitabu cha Mapunda kuhusu uhunzi wa Wafipa kilichapishwa mwaka 2010, na waliokichapisha ni Fountain Publishers wa Kampala. Mwaka uliofuata, katika jiji hilohilo, Kiira EV ikatembea. Sidai kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Ila nilipoziona tarehe hizo zimekaa jirani, nilishindwa kuzitenganisha tena.

* * *

Wafipa tuna simulizi ya kiti. Inasimuliwa kwa namna zaidi ya moja, na mwanaanthropolojia Roy Willis aliizungumzia sana katika maandishi yake kuhusu Ufipa. Kwa kifupi ni hivi.

Mfalme wa kwanza aliitwa Ntatakwa, na makao yake yalikuwa Milanzi, kijiji kilicho karibu na mlima Itwelele. Ukoo wa Milanzi unahusishwa na uhunzi. Siku moja wakaja wageni, wanawake watatu wa ukoo wa Watwa. Mfalme hakuwapo, alikuwa amekwenda kuwinda. Mke wake, aliyekuwa amebaki nyumbani, aliwaachia wageni kigoda cha mfalme wakakikalia. Mfalme aliporudi alikuta jambo limekwisha kutendeka. Yakafanyika makubaliano: Watwa wakachukua nchi, na Milanzi ikabaki na eneo lake dogo pamoja na heshima ya kuwa wa kwanza, heshima ya matambiko na baraka. Kutoka kwa Watwa zikazaliwa himaya mbili zilizojulikana baadaye, Nkansi na Lyangalile.

Kila anayeisikia simulizi hii huchukua somo lake. Wazee wengi huitumia kueleza kwa nini Mfipa humkaribisha mgeni. Mimi naisoma kama simulizi ya mgawanyo wa kazi. Waliojua chuma walibaki na heshima. Waliokalia kigoda walipata kodi, hukumu na majeshi. Fundi aliendelea kuwa muhimu, lakini uamuzi wa nini kifanyike na jembe baada ya kutoka tanuruni ulihamia kwa mtu mwingine.

Mgawanyo huo haukuwa mbaya siku zote. Kwa muda mrefu ulifanya kazi. Ufipa ulikuwa na chuma chake, nguo zake za pamba zilizofumwa na wanaume, na kilimo chake cha matuta ya intumba, ambacho hufukia majani chini ya udongo yaoze na kurutubisha ardhi. Intumba ni kazi ya jembe. Bila jembe zito hakuna tuta. Kwa hiyo tanuru porini lilishikamana na shamba kijijini, na majembe yalifika hadi kwenye mahari. Fundi hakuhitaji kukalia kigoda ili kazi yake iendelee, kwa sababu kila nyumba ilihitaji alichotengeneza.

Tatizo lilikuja mahitaji hayo yalipoanza kutimizwa na mtu wa mbali.

* * *

Mapadri Weupe walifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwaka 1914 mmoja wao, Padri Wyckaert, alichapisha katika jarida la Anthropos makala ndefu kuhusu wahunzi wa upande huu wa ziwa. Katika kichwa chake aliwagawa wahunzi makundi mawili: wapagani na Wakristo. Mgawanyo huo una uzito. Ina maana kwamba kufikia wakati huo intangala ilikuwa imeshawekwa upande wa giza. Watu wengi husema jina Sumbawanga lenyewe maana yake ni "tupa uchawi". Ukiagizwa utupe uchawi, na ndani ya kapu hilohilo ndimo ulimotunza kumbukumbu ya lini uwashe moto na nani asikaribie, ni vigumu kujua utupe kipi na ubakize kipi.

Lakini si imani peke yake iliyoua malungu. Majembe ya kiwandani yaliingia kwa bei ambayo fundi aliyekesha porini hakuweza kuishindania. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na vijana wenye nguvu za kukata miti na kubeba mawe wakaenda kutafuta fedha hizo kwenye mashamba ya mkonge na migodini. Serikali ya kikoloni iliitazama misitu kwa jicho lake, na mkaa wa kuyeyushia chuma unahitaji msitu. Mwaka 1937 ofisa aitwaye R. C. H. Greig alipoandika kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, alikuwa tayari anaandika juu ya kazi inayotoweka. Mwaka 1958 R. Wise alipoandika tena, alikuwa anakusanya kumbukumbu za wazee.

Ni rahisi kusema kwamba tanuru la udongo lilishindwa kwa sababu lilikuwa duni. Historia ya gari la umeme inanifanya nisite. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, akiwa wa kwanza duniani kufikia kasi hiyo barabarani. Mwanzoni mwa karne ya 20 magari ya umeme yalikuwa ya kawaida katika miji ya Marekani. Halafu mafuta yakawa rahisi, Ford akaanza kuuza Model T mwaka 1908, na kuanzia mwaka 1912 swichi ya umeme ikaondoa karaha ya kuwasha injini kwa kuzungusha mkono. Gari la umeme likasahaulika kwa karibu karne nzima. Liliachwa lilipo kwa sababu vitu vyote vilivyolizunguka vilihamia upande mwingine: vituo vya mafuta, barabara ndefu, benki, mafundi. Mazingira yalipogeuka tena, likarudi likiwa na betri nyingine.

Tofauti ni kwamba gari la umeme lilipolala, michoro yake ilibaki maktabani na wahandisi wake walibaki na mishahara katika kazi nyingine. Malungu yalipolala, ujuzi wake ulizikwa na wazee mmoja baada ya mwingine. Palikuwa na fundi na palikuwa na kigoda. Kilichokosekana ni kitu cha tatu, chombo cha kuushika ujuzi wakati soko limeondoka.

* * *

Baada ya uhuru tulijaribu kuunda chombo hicho. Pale Dar es Salaam serikali ilijenga kwa msaada wa China kiwanda cha Ubungo Farm Implements, UFI, kutengeneza majembe. Mbeya ikapata kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK. Kibaha, chini ya jeshi, kikaanzishwa kituo cha Nyumbu cha teknolojia ya magari, kilichobuni lori lenye jina hilo. Kenya nayo ilikuwa na ndoto yake: mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaoneshwa Kasarani mbele ya taifa.

Tunajua mwisho wake. UFI na ZZK hazikuhimili miaka ya mageuzi ya uchumi, na majembe yakarudi kutoka nje. Lori la Nyumbu halikufika kwenye barabara za Laela na Kirando kama Isuzu na Fuso. Nyayo Pioneer haikuingia sokoni. Kwa hiyo mtu akisema dawa ni serikali kuunda kampuni, historia inamjibu kwamba tulishakuwa na makampuni. UFI ilikuwa na kigoda na haikuwa na mbunifu wake mwenyewe. Mitambo na mpangilio wake vilitoka nje. Nyayo Pioneer ilikuwa na wabunifu, ila ilitegemea mno hamu ya mtu mmoja aliyekuwa Ikulu.

Ndiyo maana safari ya Musasizi inanivutia. Ukiifuatilia hatua kwa hatua, haikuanza na kampuni na haikuanza na rais. Ilianza na wanafunzi. Miaka ya kuelekea 2008, Makerere ilishiriki mpango wa wanafunzi wa vyuo vikuu mbalimbali duniani, ulioongozwa kutoka chuo cha MIT cha Marekani, wa kubuni gari linalotumia nishati kidogo. Gari hilo, Vision 200, liliunganishwa Turin, Italia, mwaka 2008. Waganda walichangia kipande chao na kurudi nyumbani na swali: kama tunaweza kuchangia kipande, tunashindwa nini kutengeneza zima? Kituo cha utafiti wa teknolojia ya usafiri kikaanzishwa chuoni, fedha zikapatikana kupitia mpango wa rais wa sayansi na teknolojia, na Kiira EV ikatoka.

Hapo ndipo miradi mingi ya vyuo vyetu huishia. Gari hupigwa picha, huwekwa kwenye banda la maonesho, na kundi lililolitengeneza husambaratika: huyu kaenda kusoma nje, huyu kaajiriwa na kampuni ya simu. Makerere hawakuishia hapo. Mwaka 2014 walionesha Kiira EV Smack, gari la watu watano la mseto wa petroli na umeme. Mwaka 2016 likaja basi la Kayoola, lenye paneli za sola juu ya paa na viti 35. Kisha Kayoola EVS, basi la mjini la kubeba watu 90, lenye uwezo wa kwenda kilomita 300 kwa chaji moja, lililoundwa kwa kushirikiana na kiwanda cha jeshi cha Luwero Industries kule Nakasongola. Katikati ya magari haya mradi ukawa kampuni ambayo serikali ya Uganda ina asilimia 96 ya hisa na Chuo Kikuu cha Makerere asilimia 4. Serikali iliipa ekari 100 katika eneo la viwanda la Jinja, na ujenzi wa kiwanda ukaanza mwaka 2019.

Tazama mpangilio wa magari hayo. Walianza na gari dogo la kifahari kidogo, la watu wawili, ambalo lingependeza kwa maonesho. Wakaishia kwenye basi. Ni uamuzi wa mbunifu aliyeanza kufikiri kama kiongozi: Mwafrika wa kawaida mjini hanunui gari jipya la umeme, ila kila asubuhi analipa nauli. Basi lina njia moja inayojulikana, kwa hiyo betri yake inaweza kupimwa na sehemu ya kuchajia inaweza kupangwa. Anayefanya uamuzi wa namna hiyo amejua mota inavyofanya kazi na amejua pia mahitaji ya soko, na elimu hizo mbili zimekutana kwenye kichwa kimoja.

* * *

Sitaki kuipamba Kiira. Waganda wenyewe wameiuliza maswali magumu, na wana haki. Wameuliza kwa nini miaka imepita mingi na mabasi barabarani ni machache. Wameuliza gari ni la Uganda kwa kiasi gani ikiwa seli za betri na vifaa vingi vinatoka nje, na ikiwa kampuni ya China ilishiriki katika basi la EVS. Wameuliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi hospitalini.

Naomba niliongeze swali la Milanzi: nani anakalia kigoda? Mkurugenzi ni mbunifu, lakini mwenye asilimia 96 ni serikali. Bajeti ikichelewa, kiwanda kinasubiri. Profesa Tickodri-Togboa mwenyewe alikwenda kuwa waziri wa nchi wa elimu ya juu, ishara kwamba hata mbunifu alilazimika kusogea karibu na kigoda ili tanuru lisizimike. Musasizi amepata nafasi ambayo mafundi wa Ufipa hawakuwahi kuipata, lakini amekaa kwa idhini.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wakosoaji hulipita haraka. Kwa muda wote huo lile kundi halikutawanyika kabisa. Mtu aliyefunga nyaya za gari la viti viwili amekuwapo kusimamia basi la watu 90. Makosa ya gari la kwanza yalibaki ndani ya nyumba yakawa somo la gari la pili. Hicho ndicho kitu cha tatu ambacho malungu yalikikosa, na ndicho ninachokihesabu kuwa mafanikio, hata kama kiwanda kingechelewa tena.

Kwetu Tanzania mwenye kuthubutu hivi karibuni ametoka mahali ambapo sikutarajia. Mwezi Machi 2022, Masoud Kipanya, mchora katuni na mtangazaji wa redio anayejulikana nchi nzima, alionesha Dar es Salaam gari dogo la umeme alilolibuni na kulitengeneza kupitia kampuni yake ya Kaypee Motors. Watu walicheka, wengine wakashangilia. Mimi niliona mtu ambaye amezoea kuanza na karatasi tupu. Ila Kipanya alianza kwa jina na mfuko wake. Hakukuwa na chuo nyuma yake chenye hisa, wala maabara ambayo ingeendelea hata siku akichoka.

* * *

Sasa niseme kinachoniuma.

Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umetoka Zambia. Mkoa wa Rukwa haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa, na TANESCO ilinunua umeme upande wa pili wa mpaka ukaja kupitia Mbala. Mabwawa ya Zambia yalipokaukiwa, sisi huku tuliwasha mishumaa. Njia kubwa ya kuunganisha gridi ya Tanzania na Zambia, inayopita Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga, imekuwa ikijengwa. Mashariki yetu, Bonde la Rukwa lina gesi ya heliamu. Magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile inayoingia kwenye betri. Ngara ina nikeli, Mahenge na Ruangwa zina madini ya kinywe. Ukichora ramani ya betri ya gari la umeme, Ufipa uko karibu katikati yake.

Na mimi nina mjomba mwenye gereji mjini. Anachomelea mageti, anafufua mashine za kusaga, anabadilisha mabodi ya Fuso. Vijana watatu wanaojifunza kwake wana vyeti vya ufundi wa umeme. Nilipomsimulia habari za Kiira aliuliza swali moja tu, ambalo ni zuri kuliko ya kwenye semina zetu: "Hilo basi, likishuka mlima kwenda Bondeni, breki zake zinafanyaje?" Nikamweleza kwamba mota ya umeme ikivutwa na mteremko hugeuka jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha chaji kwenye betri. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi Lyamba lya Mfipa ni kituo cha kufua umeme." Lyamba lya Mfipa ni ule ukingo mkali ambapo uwanda wetu unaporomoka kuelekea Ziwa Rukwa. Kila siku malori hushuka pale yakinuka breki zilizoungua. Mjomba hakusoma uhandisi. Aliona mlima na akaona nishati.

Watu kama yeye tunawaita mafundi, tunawaheshimu, na tunawalipa vibaya. Hatujawahi kuwauliza gari la Rukwa liweje: lenye chasisi ya kuhimili tope la Machi, lenye betri inayoweza kupanda kutoka Bondeni na mahindi. Kiira EV kwa kilomita zake 80 isingefika hata nusu ya njia ya Tunduma, ambayo ni zaidi ya kilomita 200. Atakayebuni litakalofika anaweza kuwa Jinja, au Shenzhen, au kwenye gereji ya mjomba akiwa na miaka kumi na tisa na cheti kisichomsaidia.

Hofu yangu ni ya mtu aliyesoma tarehe. Mwaka 1914 padri aliandika kuhusu mafundi wetu. Mwaka 1937 ofisa akaandika. Mwaka 1958 mwingine akaandika, na kufikia hapo hapakuwa tena na cha kuona ila makumbusho. Kila mara tulikuwa na watu wa kutuandika, na hatukuwa na nyumba ya kuwatunza wanaojua. Kama chuo kimoja cha ufundi cha Rukwa kingefanya walichofanya Makerere, hata kwa bajaji moja ya umeme ya kubeba gunia tatu, na kikashika kundi hilohilo la vijana kwa miaka kumi bila kuwatawanya, tungekuwa tumefanya kitu ambacho himaya ya Nkansi haikufanya, Wajerumani hawakufanya, na Waingereza hawakuwa na sababu ya kufanya.

Kule Nkasi malungu bado yamesimama. Mvua za masika huyamega kila mwaka, na wakulima hulima wakiyazunguka.